Miaka 57, kazi imekwisha, barua hazijibiwi: ni umri au kuna jambo jingine?

#1 Karani_Kisumu
Hamjambo nyote. Nina miaka 57, naishi Manyatta hapa Kisumu. Kazi yangu tangu ujana ni rekodi za afya: mafaili ya wagonjwa, takwimu za kliniki, ripoti za kila mwezi. Miaka ya mwisho nilikuwa na shirika moja lililosaidia kliniki za HIV Kisumu na Siaya. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 tuliambiwa tukae nyumbani tungoje, baadaye tukapewa barua za kuachishwa. Sina kinyongo na waliotia sahihi, pesa zilikatiwa mbali.

Tangu hapo naomba kazi. Hospitali za binafsi, za makanisa, kaunti, vyuo, hata maduka ya dawa. Wengi hawajibu kabisa. Ninapoitwa, mahojiano huenda vizuri mpaka mmoja wao atazame karatasi aulize, "Mzee, ulizaliwa mwaka gani?" Baada ya hapo maswali huwa mafupi, na nishaanza kuyatambua.

Binti yangu anasema nifute mwaka wa kuzaliwa kwenye CV na nikate kazi zote za kabla ya 2010. Mama yake hataki, anasema mtu haingii kazini kwa kuficha. Mimi naamini wananiacha kwa ajili ya umri, basi. Nyinyi mlioajiriwa mkiwa mmepita 55, na nyinyi mnaoajiri, nielezeni: ni umri kweli? Na kama ni umri, kuuficha kunasaidia?

#2 Dereva_Ahero
Pole sana jaduong', mzee wetu. Futa tu. Hakuna anayekulazimisha kuandika mwaka wa kuzaliwa. Sisi Wakenya tumezoea kujaza kila kitu kwenye CV, dini, ndoa, watoto, namba ya kitambulisho, utadhani tunaomba posa.

#3 NyarNyalenda
Dereva, mwaka umefuta, kitambulisho umekiacha? Namba za vitambulisho hufuatana. Mtu anayepokea makaratasi kila siku akiona namba ya chini anajua huyu alikichukua zamani. Na shule je? Mzee akiandika KCE na KACE, ile mitihani ya zamani ya kidato cha nne na cha sita, mwaka hauhitajiki tena. KCE ya mwisho ilikuwa 1989, msichana wa ofisini aliyezaliwa 1995 anajua kuhesabu.

#4 Mwalimu_Shinyalu
Mulembe. NyarNyalenda, KCE ya mwisho ilifanywa 1987. Ya 1989 ni KACE, mwaka uleule watoto wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 (minane msingi, minne sekondari, minne chuo) walipofanya KCSE, mtihani mpya wa kidato cha nne. Mwaka 1988 hapakuwa na mtihani wa kidato cha nne kwa sababu darasa la saba la 1984 lilibaki msingi likaingia la nane. Nilikuwa mwalimu mgeni wakati huo, nakumbuka madarasa yalivyokaa matupu.

Lakini ulilosema ni kweli. Mtu wa rika letu hawezi kuficha umri bila kuficha shule, na akificha shule anaonekana hakusoma.

#5 Dada_Section58
Nimefanya kazi ya kuajiri Nakuru, kwanza kiwandani, kisha kwenye mashamba ya maua upande wa Naivasha. Niwaambie kinavyoonekana tukiwa upande ule wa meza.

Hakuna anayesema "huyu ni mzee, mtoe." Tunapiga hesabu. Mtu wa 57 ana miaka mitatu afike 60, na ili aujue mfumo wetu vizuri atachukua miezi. Bima ya matibabu ya kampuni inajadiliwa upya kila mwaka, na mwenye bima hutazama umri wa watu wako. Halafu kuna mshahara. Karani alikuwa analipwa na shirika la misaada. Sisi bajeti yetu ni ya kijana wa diploma. Hata akisema atapokea chochote, meneja hamwamini. Anafikiri ataondoka mara tu apate penye afadhali. Mimi naona mshahara unawaangusha wengi kuliko umri, ila hauulizwi kwa sauti.

Na zaidi ya hayo sheria ya Kenya imesema watu wastaafu wakifika 60. Tutafanyaje?

#6 Mwanachama_Mkongwe
Dada_Section58, hapo kwenye sheria nakusimamisha. Sitini ni umri wa kustaafu katika utumishi wa umma. Ulikuwa 55, ukapandishwa 2009, na wenye ulemavu wanaenda mpaka 65. Sheria ya Ajira ya 2007 haimwekei mfanyakazi wa kampuni binafsi umri wa kustaafu. Huko ni mkataba wako na kanuni za kampuni. Mwajiri akitaka kumchukua mtu wa 62 kesho asubuhi kwa mkataba wa mwaka mmoja, hajavunja sheria yoyote.

Nimekaa kwenye chama cha wafanyakazi muda mrefu na hili la "sheria imesema" nimelisikia kwenye ofisi nyingi. Linawarudisha watu nyumbani bure.

Kwa Karani: Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini, asili ya mtu, ulemavu, mimba, hali ya HIV na mengine, lakini ukisoma orodha hiyo umri haumo. Umri umo kwenye Katiba, Ibara ya 27(4). Kwa hiyo anayetaka kushtaki kwa sababu ya umri anaegemea Katiba. Ushahidi ndio mgumu, maana hakuna barua itakayokuja imeandikwa "tumekuacha kwa kuwa umezeeka." Kwa kawaida hakuna barua kabisa.

#7 Kijana_wa_Pipeline
Kwa heshima, wazee wangu. Nina 26, nina digrii, nauza smokie na mayai hapa Pipeline, Nakuru. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitano. Mzee wa 57 ameshafanya kazi miaka yote hiyo, amelipwa. Ikitangazwa nafasi moja ya rekodi hospitalini, iende kwake au kwangu? Sitafuti ugomvi. Nataka mtu anijibu.

#8 Dereva_Ahero
Kijana, mzee mwenyewe yuko humu ndani, mwonee haya kidogo.

#9 Karani_Kisumu
Mwache aulize, Dereva. Swali lake ni la haki.

Mwanangu, nina mmoja yuko Chuo Kikuu cha Maseno mwaka wa pili na mwingine kidato cha tatu. Mimi nikikosa kazi, hao wawili karo yao inakwama, na miaka michache ijayo watakuwa pale ulipo wewe bila hata hiyo digrii. Mshahara wa baba hapa kwetu hauishii tumboni mwa baba. Naomba pia uangalie ni nani anayezipata hizi kazi tunazogombea. Nimewaona waliochukuliwa mahali nilipokosa. Ni watu wa miaka 35 mpaka 45 wanaohama kutoka kazi nyingine. Hawakukuchukua wewe na hawakunichukua mimi.

#10 Kijana_wa_Pipeline
Hilo la 35 mpaka 45 nimelikubali. Mengine bado nayafikiria.

#11 Mama_Njoro
Mimi nilipunguzwa kazini nikiwa na 55. Nilikuwa nasimamia ghala la kampuni moja, siitaji. Nikatuma barua, nikakaa, nikatuma tena, kimya. Nikaanza kuamini kama Karani kwamba nimeshazeeka na dunia imeniona.

Kazi niliyo nayo leo sikuiomba. Kuna mtu ana ghala la mbolea na mbegu huku Njoro, kila mwezi hesabu haifungi, magunia yanapotea. Alikuwa analalamika dukani mbele ya mama mmoja wa chama chetu, mama akamwambia, "Kuna mtu namjua, tangu tuanze chama yeye ndiye anashika daftari na halijapotea senti." Nikapigiwa simu jioni hiyo. Hakuniuliza mwaka wa kuzaliwa wala cheti. Aliniuliza naweza kuanza lini.

Kwa hiyo Karani, umri sio ninaouona mimi. Ninaona unaandikia watu wasiokujua. Ukishapita 50 kazi huja kwa mtu kukutaja jina mahali ambapo wewe haupo. Nenda kwa uliofanya nao kazi, wote, hata wale mliokosana.

#12 NyarNyalenda
Mama Njoro, aliyekutaja ni wa rika lako. Sasa niambie, rika letu likishatoka maofisini lote, nani atabaki huko ndani wa kututaja? Ndiyo maana naona yote yanarudi palepale kwa umri.

#13 Mama_Njoro
Hapo umenipa la kufikiria. Ila mwenye ghala ana miaka 41, na huyo mama wa chama ana 38. Chama chetu si cha wazee.

#14 Fundi_Webuye
Mulembe nyote. Nimesoma kuanzia juu, na kuna kitu hakuna aliyekitaja: karatasi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nilijifunza kazini kwa kushikiwa mkono. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa 2009, Webuye yote ilitawanyika. Wengine walienda Uganda, wengine Nairobi, wengine wakarudi kwa jembe. Niliwatazama waliopata kazi upesi. Hawakuwa vijana, walikuwa wenye vyeti. Kulikuwa na mzee mmoja, kwa ujuzi alitupita sote, boila ikiwa na shida alijua kwa kusikiliza tu. Hakuwa na cheti hata kimoja. Mpaka leo analipwa kwa siku, na vijana aliowafundisha wanamsimamia.

Mimi nilienda NITA, mamlaka ya serikali inayotahini mafundi, nikafanya mtihani wa daraja la tatu, halafu la pili, nikiwa nimeshapita 50. Viwanda vya sukari vinapozimwa kwa ukarabati huchukua mafundi wa muda, miezi miwili, mitatu. Langoni wanauliza una daraja gani. Mvi zangu hakuna aliyewahi kuziuliza. Tena huko juu kwenye mabomba wanapenda mtu mzima asiyeharakisha.

#15 Dada_Section58
Fundi ana hoja kwa kazi za mikono. Kwa kazi za ofisi niongeze nyingine. Siku hizi maombi yanaingia kwa mtandao. Nimepokea vyeti vilivyopigwa picha kwa simu mezani, kivuli cha mkono kinaonekana, kurasa zimelala ubavu. Nimemwandikia mwombaji mzuri barua pepe ya kumwita, kumbe anwani ni ya mtoto wake aliye Mombasa. Akaona ujumbe mahojiano yakiwa yamekwisha. Mtu kama huyo hakukataliwa kwa umri. Hakufika tu.

#16 Karani_Kisumu
Dada, asante, lakini hilo siyo langu. Nimetumia KenyaEMR, mfumo wa kompyuta wa mafaili ya wagonjwa, tangu ilipoletwa kwenye kliniki zetu, na ripoti zote nilikuwa naziingiza kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Wauguzi wa nusu ya umri wangu nimewafundisha mimi. Vyeti vyangu ni PDF na kila kimoja kina jina lake.

Ndicho kinachoniuma. Naingia kwenye chumba cha mahojiano na kabla sijafungua mdomo wameshaamua kompyuta inanishinda. Kuna mahali niliulizwa kama najua kutuma barua pepe, na walikuwa wamenialika kwa barua pepe niliyoijibu.

#17 Milimani34
Nimesoma nikiwa kimya, sasa niseme jambo ambalo mameneja wa rika langu hawalisemi mbele za watu.

Nina miaka 34, nasimamia idara hapa Kisumu. Tulipata mwombaji wa miaka 58, akawa bora kuliko wote. Mwenzangu kwenye jopo akanisogelea akauliza, "Utaweza kumwambia arudie kazi?" Hakuuliza kama mzee ataiweza kazi. Aliuliza kama mimi nitamweza mzee.

Nimekulia Kano. Mtu wa umri wa baba yangu nampokea mzigo, simtumi. Tulimchukua, na miezi ya mwanzo nilikuwa napata tabu. Ripoti yake ikiwa na kasoro nairekebisha mwenyewe usiku, kwa kuwa sikujua nitamrudishia kwa maneno gani. Yeye ndiye aliyegundua. Akaniita kando akasema, "Mwanangu, hapa ofisini mimi ni mfanyakazi wako. Nikikosea nirudishie. Ubaba tutaukuta nje." Tangu siku hiyo kazi ikawa nyepesi.

Kwa hiyo Karani, kwa maoni yangu si mshahara wala bima. Anayekuhoji anajaribu kufikiria atakavyokuamuru, na anashindwa. Mwondolee huo wasiwasi wewe mwenyewe, kabla hajauliza mwaka wa kuzaliwa.

#18 Mwalimu_Shinyalu
Milimani, Mungu akubariki kwa kulisema. Tena upande wa pili upo. Wako wazee wenzangu wasiotumika. Akipewa kazi anaanza na "enzi zetu." Mmoja wa hao akiingia ofisini, watano wanaomfuata hawaitwi.

Nilistaafu TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, nikiwa na 60, sasa nafundisha fizikia kwa BOM, yaani nimeajiriwa na bodi ya shule, shule ileile ya jirani. Mkuu wa shule nilimfundisha kidato cha pili. Mbele ya wanafunzi namwita Madam na ratiba yake naifuata. Jioni akinikuta njiani ananisalimia kama mtoto wangu. Hakuna kati yetu aliyepungukiwa.

Ila nisimdanganye Karani: pesa za BOM ni kidogo, zinanitosha kwa sababu pensheni ipo. Yeye hana hiyo.

#19 Kijana_wa_Pipeline
Mwalimu, kwa heshima tena. Una pensheni, na nafasi ya BOM unayo. Kuna mwalimu kijana aliyehitimu Kakamega yuko nyumbani.

#20 Mwalimu_Shinyalu
Wa fizikia tulimtafuta, kijana wangu. Aliyekuja alikaa muhula mmoja akapata TSC akaenda, na nilimpigia makofi. Ukimjua mwingine mlete, nitamkabidhi chaki siku hiyohiyo.

#21 Ugunja_Kwetu
Watu wangu, mnazungumzia nywele za Karani na mmesahau 2025 ilivyokuwa. Misaada iliposimama, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori watu wa kazi moja walitoka siku moja: wa rekodi, washauri, wa maabara, madereva, wahasibu wa mashirika. Wote wana uzoefu, wote wana vyeti, wote wanaomba zile nafasi chache. Hospitali ikitangaza moja inapata rundo la watu wanaofaa. Anayechagua hana wakati wa kuwasoma wote, anatafuta chochote cha kupunguza rundo. Umri uko pale mbele ya macho, anautumia. Mwaka 2015 Karani huyuhuyu angekuwa na miaka 57, angepata kazi kwa wiki.

#22 NyarNyalenda
Basi si umesema ni umri?

#23 Ugunja_Kwetu
Nimesema ni rundo. Liondoe rundo, hakuna atakayetazama mwaka wa kuzaliwa.

#24 NyarNyalenda
Na mimi nasema rundo likiwepo anayetoka kwanza ni mzee. Jina la hicho kitu unalijua.

#25 Bondeni_Nakuru
Nyinyi wawili oaneni tu. Karani, mimi nina la kukuonya. Wanaotafuta kazi katika umri huu wanawindwa. Mtu wa familia yetu, mama wa miaka 56, alitumiwa ujumbe kwamba amechaguliwa kuwa msimamizi wa hosteli, atume "ada ya faili" kwa simu. Akatuma. Ikaja ada ya sare. Akatuma. Kisha namba ikazimwa. Alikuwa amekopa.

Anayekupa kazi hakuombi pesa ya faili. Wakala wa kuajiri anatakiwa awe amesajiliwa na NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, uliza namba yake ya usajili ukaihakikishe. Cheti cha tabia njema unakiomba mwenyewe eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, na alama za vidole unaenda kupigwa. Mtu akikuambia atakufanyia yote ukiwa umekaa nyumbani, huyo anataka pesa zako.

#26 Dereva_Ahero
Na NSSF, ile akiba ya uzeeni, je? Karani si achukue zake apumue wakati anatafuta?

#27 Bondeni_Nakuru
NSSF ni mpaka 60.

#28 Mwanachama_Mkongwe
Sitini ndio umri wa kawaida, lakini mtu aliyeacha kazi anaweza kuomba kuanzia 50 kama amestaafu mapema. Swali ni kama inafaa. Wengi wa umri wetu tulikatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri akaongeza 200, miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni 4,800 kwa mwaka, na riba yake. Sheria ya NSSF ya 2013 ilikaa mahakamani mpaka Februari 2023 ndipo makato ya asilimia 6 yakaanza kwa kila upande. Kwa hiyo miaka ya mwisho ya kazi ndiyo inayojaza akaunti, na ndiyo miaka hii Karani anaipoteza. Mtu akikosa kazi kati ya 57 na 60 anakosa mshahara, na akiba ya uzee wake inapungua pia.

Karani, niulize jambo: barua mliyopewa ilisema mkataba umeisha au nafasi imeondolewa? Kama nafasi iliondolewa, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinakupa angalau siku 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilisha, pamoja na notisi ya mwezi. Kama mkataba ulifika tarehe yake, hilo halipo. Madai ya kazi yana muda wa miaka mitatu, yasikupite. Mahakama ya ajira iko Kisumu hapo hapo, na Nakuru pia ipo.

#29 Karani_Kisumu
Mkongwe, barua inasema nafasi imeondolewa. Siku 15 tulilipwa, nimehakikisha. Zimeingia kwenye karo na SHA, bima ya afya ya serikali, maana makato ya mshahara yalipokoma, bima nayo ilikoma mpaka nijilipie mwenyewe.

#30 Dereva_Ahero
Mimi akiba yangu yote iko SACCO na siwezi kuigusa kwa sababu nilidhamini watu, mmoja wao halipi. Hivi mdhamini anaweza kujiondoa?

#31 NyarNyalenda
Dereva umefungua uzi wako ndani ya uzi wa mwenzio. Hutoki mpaka apatikane mdhamini mwingine wa kuchukua nafasi yako au mkopo ulipwe. Sasa turudi kwa Karani.

#32 Mama_Njoro
Nisaidieni pia jambo moja. Hapa tunaongea "mzee, mzee." Mama wa 57 ni vingine. Mimi niliulizwa kwenye mahojiano nina wajukuu wangapi na nani anawalea. Ndugu yangu wa kiume wa umri huohuo hajawahi kuulizwa. Mapokezi na ofisi za mbele ndizo zimefungwa kabisa, wanataka msichana. Nikiwa ghalani hakuna mgeni anayeniona, labda ndiyo maana nilipata.

#33 Dada_Section58
Ni kweli, Mama Njoro. Nimekaa kwenye majopo hayo, na swali la wajukuu nimelisikia kwa masikio yangu.

#34 Karani_Kisumu
Nina habari. Hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji, imenichukua kwa miezi mitatu kushika nafasi ya dada anayekwenda likizo ya uzazi. Aliyenipigia ni muuguzi niliyemfundisha kuingiza data zamani, sasa ndiye msimamizi wa zamu. CV niliyopeleka ina mwaka wa kuzaliwa, sikufuta. Kwenye mazungumzo nilimwambia daktari mkuu, ambaye ni kijana, maneno yale ya Milimani kwamba nikikosea anirudishie. Akacheka akaniambia nianze Jumatatu.

#35 Mama_Njoro
Jina! Sikusema? Umetajwa na mtu. Hongera sana.

#36 Dada_Section58
Hongera Karani. Ila tazama: miezi mitatu, hakuna bima ya kujadili, hakuna malipo ya uzeeni ya kupanga. Mkataba mfupi umeziondoa zile hesabu zote nilizosema.

#37 Ugunja_Kwetu
Nafasi haikutangazwa. Hapakuwa na rundo.

#38 Milimani34
Na daktari alicheka akiwa ameambiwa nini?

#39 NyarNyalenda
Kila mmoja amejipatia ushindi. Mimi nauliza: wangempa nafasi ya kudumu? Karani, yule dada akirudi utuambie.

#40 Umeme_LangaLanga
Samahani kuingia kwa kuchelewa. Fundi_Webuye, nina 58, niko Nakuru, nimeunganisha umeme majumbani na viwandani maisha yangu yote, cheti sina. Hiyo NITA inamkubali mtu wa umri huu? Na nikipata daraja naweza kusaini kazi za kuweka nyaya mwenyewe?

#41 Fundi_Webuye
Inakukubali. Siku yangu nilikaa karibu na kijana wa miaka 19. Anza na daraja la tatu hata kama unajua zaidi, mazoezi yatakuwa mepesi kwako, swali la maandishi ndilo la kujiandaa. Uliza pia habari ya kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, wanao utaratibu huo kwa watu kama sisi. Kisumu wana kituo. Wewe wa Nakuru piga simu kwanza, wanaweza kukuelekeza penye karibu, na mitihani huwa kwa vipindi, usiende tu ukakuta imefungwa.

Kusaini nyaya ni jambo jingine. Hiyo ni leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia umeme na mafuta, na ina ngazi zake, daraja la NITA peke yake halikupi. Lakini bila cheti chochote huko EPRA hutaanza, kwa hiyo pitia NITA.

#42 Umeme_LangaLanga
Shukrani. Kitambulisho changu kina majina matatu, cheti cha shule kina mawili. Kitakuwa na shida?

#43 Mwalimu_Shinyalu
Shughulikia hilo kabla ya kulipa ada ya mtihani. Nenda kwa wakili uape hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na ujisajili NITA kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Cheti kikishatoka na jina lenye kasoro, kukirekebisha kutakusumbua.

#44 Umeme_LangaLanga
Naenda kesho.